Imetengwa siyo imetolewa: maswali yenu kuhusu Bunge la bajeti

Habari zenu wasomaji. Kila mwaka ikifika Aprili, Bunge la bajeti likianza hapa Dodoma, maswali yenu yanakuwa mengi kuliko nafasi ya ukurasa huu, sasa safari hii nimeamua nisijibu kitu kingine chochote, ni bajeti tu. Nimechagua yale ambayo wengi mnajiuliza mkiwa mnasikiliza redio jioni halafu mnaachana nayo kwa sababu maneno ya mle ndani ni magumu, fungu, kasma, randama, OC, mtu anachoka anabadilisha stesheni anaweka muziki. Naomba msibadilishe, maana kinachosomwa mle ni hela yenu.

Mwanangu, habari za kazi. Mimi ni mzee wa kijiji kimoja wilaya ya Chamwino. Mwaka juzi tulimsikia mbunge redioni akisema zahanati yetu imetengewa hela, akina mama wakapiga vigelegele. Boma tulijenga wenyewe kwa kuchanga, tofali tumefyatua kwa mikono yetu, limefika kwenye linta na tangu hapo ni mbuzi ndo wanalala mle. Hiyo hela ilienda wapi? Kuna mtu kala?

Shikamoo mzee wangu, na pole sana, maana boma la kuchanga likisimama linauma kuliko jengo la kuletewa. Nikujibu taratibu kwa sababu swali lako ndo swali lenyewe, haya mengine yote huko chini ni matawi yake.

Tuanze na hilo neno "imetengwa". Mbunge akisema hela imetengwa hajadanganya, ila hajasema kwamba hela ipo. Kwa Katiba yetu hakuna shilingi inayotoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya Bunge, ndo maana mawaziri wote wanakuja hapa kuomba, anaanza Waziri Mkuu na ofisi yake, zinafuata wizara moja moja mwezi wa nne na wa tano, halafu mwezi wa sita Waziri wa Fedha anasoma bajeti kuu. Wabunge wakipitisha wanakuwa wametoa ruhusa, yani serikali tumekuruhusu utumie mpaka kiasi hiki kwa kazi hii. Ni ruhusa, mzee wangu, bado siyo hela. Hela yenyewe inaanza kutoka baada ya tarehe 1 Julai, kidogo kidogo, kadri TRA, mamlaka ya mapato, inavyokusanya na kadri mikopo na misaada inavyoingia, na Hazina inagawa kilichopo. Makusanyo yakipungua, au likitokea la dharura, mvua imekata madaraja, basi kuna watakaopata chote, kuna watakaopata nusu, na kuna watakaoambiwa wasubiri. Na kwenye kusubiri huko miradi ndo inatangulia kuumia kwa sababu mshahara wa nesi huwezi kuuahirisha na deni huwezi kuliruka.

Chukua bajeti ya 2025/26, ile aliyoisoma Dkt. Mwigulu Nchemba akiwa Waziri wa Fedha tarehe 12 Juni 2025. Jumla yake shilingi trilioni 56.49. Mtu akisikia hivyo anasema jamani, zahanati moja inakosaje hapo? Lakini ndani yake trilioni 14.22 ni za kulipa deni la serikali, maana yake katika kila shilingi nne, moja imeshaondoka kabla hujanunua hata msumari. Mapato ya ndani yaliyotarajiwa yalikuwa trilioni 40.47, zilizobaki ni za kukopa na kusaidiwa, nazo zina masharti na zina kuchelewa kwake. Sisemi haya kuitetea serikali. Nasema ili siku nyingine ukisikia "imetengwa" usipige vigelegele kwanza, uulize la pili: imetolewa ngapi?

Kuna na hili la tarehe 30 Juni. Mwaka wa fedha unafungwa siku hiyo, na hela ambayo haijatumika inaweza kurudi Hazina mpaka iombewe kibali upya. Mimi nyumbani kwetu lilitukuta. Ilikuwa wodi ya wazazi, hela zikaingia mwezi wa sita umeshapita nusu, kamati ikaanza kukimbizana na mafundi na mashine ya kukatia risiti, tarehe 30 ikafika bati zimenunuliwa lakini mbao bado, na zile bati zilikaa stoo ya mwenyekiti miezi na miezi zimefunikwa turubai la bluu. Nilizihesabu mwenyewe siku ya msiba wa mjomba, bati 84. Hakuna aliyekula hata senti, na bado mama zetu waliendelea kupelekwa kwa pikipiki usiku. Kwa hiyo kabla hujasema kuna mtu kala (na wapo wanaokula, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anawataja kila mwaka) tafuta kwanza hela imeishia kituo gani.

Utaipataje habari hiyo? Mkutano mkuu wa kijiji ni haki yenu kila miezi mitatu na mapato na matumizi lazima yasomwe pale, siyo hisani ya mtendaji. Muulizeni mtendaji mbele ya watu: mradi wetu uko kwenye bajeti ya halmashauri ya mwaka gani, kiasi gani, na mpaka leo kimeingia kiasi gani kwenye akaunti. Hela za ujenzi wa namna hii siku hizi zinashuka mpaka kwenye akaunti ya kituo chenyewe au kijiji, na panatakiwa pawe na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, ambao ni watu wenu mnaowajua kwa sura. Akijibu hajui, nendeni kwa diwani, baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Ikishindikana andikeni barua ya kuomba taarifa kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inawapa maofisa siku 30 za kujibu. Andikeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Huo muhuri msiuache mzee wangu, karatasi bila muhuri kesho wanakwambia hatukuiona.

Mimi ni mwanafunzi UDOM. Naomba nieleweshwe "kushika shilingi" ni nini hasa, na kwa nini wabunge wanapiga kelele wiki nzima halafu mwisho wote wanasema ndiyo? Si bora wangekataa basi.

Mdogo wangu, swali zuri. Wizara ikishajadiliwa, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi, wanapita fungu kwa fungu, yani sehemu moja moja ya hela iliyoombwa, na wakifika kwenye mshahara wa waziri ndo mbunge anasimama anasema, Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kuridhisha nitashika shilingi. Anamaanisha ataomba mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja. Shilingi moja haimpunguzii waziri chochote, lakini hoja ikiungwa mkono wabunge wengine wanachangia jambo hilo hilo moja, na waziri analazimika asimame atoe ahadi inayoingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mara nyingi baada ya ahadi mbunge anarudisha shilingi. Sasa hapo ndo watu wengi mnazima redio na hapo ndo palitakiwa muandike: waziri kaahidi nini, tarehe gani. Muda ukiisha kabla mafungu hayajaisha yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa, wenyewe wanaita gulotini, na mimi jambo hilo linanisikitisha kila mwaka kwa sababu unaweza kukuta fungu la mabilioni limepita ndani ya muda wa kupiga chafya.

Kuhusu kukataa. Soma Ibara ya 90 ya Katiba. Rais hawezi kulivunja Bunge anavyotaka, lakini moja ya sababu zinazomruhusu ni Bunge kukataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na serikali. Kura ya bajeti kuu inapigwa kwa kuitwa jina, mmoja mmoja, unajibu ukisikika, ndiyo au hapana. Fikiria wewe ni mbunge, una mkopo, una jimbo, umeitwa jina, na unajua hapana zikizidi wote mnarudi kwa wapiga kura. Ongeza na Ibara ya 99, kwamba mambo ya kodi na matumizi Bunge haliyashughulikii mpaka yaletwe na upande wa Rais kupitia waziri. Kwa hiyo mbunge hana uwezo wa kuamka akaongeza tu hela ya barabara yake.

Lakini usiseme kelele ni bure. Kikokotoo cha mafao, yani hesabu ya sehemu ya pensheni ambayo mstaafu analipwa kwa mkupuo, kilipigiwa kelele tangu 2018, mle bungeni na kwenye vyama vya wafanyakazi, walimu wakalia, wabunge wakarudia na kurudia, na kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2024 waliokuwa wameshushwa kutoka asilimia 50 mpaka 33 wakapandishwa hadi 40, na wale wengine kutoka 33 hadi 35. Haikurudi ilipokuwa, lakini ilisogea. Ilichukua miaka 6 na watu hawakuchoka kusema.

Kaka mimi ni fundi ujenzi, niko Nkuhungu. Kila nikinunua saruji naambiwa bei ni "ya serikali". Serikali imeingiaje kwenye mfuko wangu wa saruji na mbona hakuna aliyetuuliza?

Fundi, imeingia kwa Sheria ya Fedha ya 2023. Wakati wa bajeti kuna miswada miwili watu wanaichanganya, ule wa matumizi unaoruhusu hela kutoka, na ule wa fedha unaobadilisha kodi na tozo ili hela iingie. Huu wa pili ndo unaogusa bei dukani. Mwaka ule iliwekwa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, inayotoka nje na ya hapa ndani, piga mara kilo 50 unapata 1,000 kwa mfuko, kuanzia 1 Julai 2023. Kiwanda ndo kinalipa TRA ila wewe ndo unabeba kwa sababu inakuja imo ndani ya bei, kwenye risiti huioni. Nyumba ikila mifuko 200, hiyo ni laki mbili, na mteja wako haelewi, anadhani fundi ndo umemzidishia.

Hii haina maana bei yote imepandishwa na serikali, usafiri mpaka Dodoma upo na faida ya duka ipo. Muuza duka akikwambia nyongeza ya elfu nne nzima ni "ya serikali" muulize vizuri.

La kutoulizwa ndo linaniuma na mimi. Kisheria mnaulizwa. Kamati ya Bunge ya Bajeti inawaita wadau watoe maoni kwenye muswada wa fedha, lakini inakuwa mwezi wa sita tayari, hotuba imeshasomwa, siku zilizobaki ni chache, na wanaofika ni wenye viwanda, wahasibu, vyama vya wafanyabiashara wenye mtu wa kuwaandikia. Fundi wa Nkuhungu yuko juu ya jukwaa la mirunda saa hiyo anapiga plasta. Kama mnataka kusikika msisubiri Juni. Wizara ya Fedha huwa inatangaza miezi kadhaa kabla kwamba inapokea mapendekezo ya kodi, na mwezi wa kumi na moja Bunge linajadili mwongozo wa mpango na bajeti ya mwaka unaofuata, kipindi hicho bado mambo hayajagandishwa. Mko mafundi wangapi hapo Nkuhungu, Chang'ombe na Ipagala? Andikeni barua moja, wekeni hesabu hiyo ya mifuko 200, msiweke malalamiko mengi, hesabu tu na sahihi zenu.

Na kubadilika kunawezekana. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, ilikuwa kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, nchi nzima ikapiga kelele, na Septemba ya mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, miaka iliyofuata ikapunguzwa tena. Ilikuwa sheria imeshapita kabisa lakini iliguswa.

Dada mmoja nauza chakula karibu na Jamatini. Nasikia uchumi unakua asilimia sita, mfumuko wa bei uko chini. Mbona mimi mchele napima vikombe vile vile kwa hela nyingi zaidi? Hizo asilimia ni za nani? Na hii Dira 2050, mpango wa maendeleo ya taifa, inasema nini?

Dada yangu, nitaanza na mfumuko wa bei maana hapo ndo watu wanaona wanadanganywa. Lengo la serikali kwa miaka ya karibuni ni mfumuko ubaki kati ya asilimia 3 na 5. Sasa mfumuko ukiwa chini bei haijashuka, inaendelea kupanda ila polepole. Asilimia 3.1 ya wastani wa mwaka 2024 maana yake kapu la vitu vya 100,000 mwaka mmoja linahitaji 103,100 mwaka unaofuata, na mwaka wa tatu linapanda juu ya hapo. Halirudi nyuma. Na ni kapu la wastani lina kodi ya nyumba, nguo, simu, nauli. Wewe kapu lako ni mchele, maharage, mafuta na mkaa. Mchele ukipanda na bei ya simu ikashuka, wastani unatulia wewe unaumia.

Halafu kukua kwa uchumi. Mwaka 2023 ulikua asilimia 5.1, 2024 asilimia 5.5, na bajeti ya 2025/26 ikaweka lengo la asilimia 6 kwa mwaka 2025. Ni namba za kweli, ila swali ni unakua wapi. Umeme umeongezeka kwa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, madini yanafanya vizuri, treni ya umeme imeanza kuleta watu kutoka Dar mpaka hapa Dodoma tangu Julai 2024. Kilimo kinachobeba karibu watu wawili kati ya watatu wanaofanya kazi nchi hii kinatoa kama robo tu ya pato la taifa. Watu wengi wamejazana kwenye kipande kidogo cha keki, sasa kile kingine kikinenepa wao hawanenepi. Wateja wako wa sinia la wali ni watoto wa wakulima, bodaboda, wapiga debe, makarani. Mkulima wa Bahi akivuna vizuri na akauza vizuri, mtoto wake aliyeko mjini anaagiza nyama. Asipouza, anaagiza maharage, na wewe unajua hilo kabla ya mchumi yeyote kwa kuangalia sufuria lipi limebaki jioni.

Kwa hiyo mimi nikisikiliza hotuba ya bajeti hiyo asilimia sita siipi uzito sana. Naandika yale yanayogusa mazao, mbegu, umwagiliaji, barabara za vijijini. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka bilioni 294 mwaka 2021/22 mpaka bilioni 954 mwaka 2022/23, mara tatu na zaidi, na mimi nilifurahi kwelikweli, kisha nikarudi kwenye lile swali la mzee wa Chamwino: imetolewa ngapi? Jibu lake liko kwenye hotuba ya waziri mwenyewe ya mwaka unaofuata, ukurasa ambao kila waziri analazimika kueleza mpaka Machi au Aprili amepokea kiasi gani cha alichoidhinishiwa. Wanausoma haraka haraka. Tegeni sikio hapo.

Na Dira 2050 uliyoulizia mwishoni, ilizinduliwa hapa hapa Dodoma tarehe 17 Julai 2025 na inaanza kutekelezwa Julai 2026, inataka uchumi wa dola trilioni moja na wastani wa dola 7,000 kwa kila mtu ikifika 2050. Wastani tena. Nakuomba mwanao unayemsomesha umfundishe neno hilo mapema.

Naweza kuingia bungeni kuangalia, au ni mpaka uwe mtu mkubwa?

Unaweza. Wageni wanakaa kwenye galari na wanatambulishwa asubuhi. Njia rahisi ni kupitia ofisi ya mbunge wako, au mje kikundi, shule, kikoba, chama cha ushirika. Beba kitambulisho, vaa nguo ya heshima, fika mapema kwa sababu kipindi cha asubuhi kinaanza saa tatu na ukaguzi una foleni. Alhamisi ni nzuri, kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu.

Sisi wakulima wa alizeti huku Singida tuna uchungu. Mwaka bei nzuri tunalima sana, mwaka unaofuata mafuta ya nje yanajaa, gunia halina mnunuzi. Hao wabunge wetu si wapandishe tu ushuru wa mafuta ya nje, kwani kazi gani?

Ndugu zangu wa Singida, ushuru wa forodha Dodoma haiupangi peke yake. Tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuna viwango vya pamoja, tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Nchi ikitaka kwenda tofauti inapeleka ombi, mawaziri wa fedha wanakaa, wanakubaliana, kawaida kwa mwaka mmoja mmoja. Ndo sababu nchi kadhaa za jumuiya huwa zinasoma bajeti kwa pamoja mwezi wa sita.

Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta ya kula dunia nzima, serikali ilikuwa na mama zetu wa mjini wanaolia chupa ya lita imekuwa haishikiki, ikalegeza kwa mafuta ya nje. Mjini wakapumua. Nyie mlikuwa mmelima sana kwa sababu ya ile bei nzuri, mkavuna, bei ikaanguka. Mwaka uliofuata ushuru wa mafuta yaliyosafishwa ukarudishwa juu, asilimia 35. Kwa hiyo wakulima mlisikilizwa, ila mmesikilizwa mkiwa mmeshaumia, na kuna aliyeuza ng'ombe kulipa mkopo wa mbegu ambaye asilimia 35 haikumrudishia ng'ombe wake.

Mimi naona haki iko upande wenu kwenye jambo moja: mabadiliko ya ghafla. Nchi hii bado haizalishi mafuta ya kutosha yote tunayokula, mafuta ya nje yataendelea kuingia, na dada wa Jamatini hapo juu anayahitaji kwa bei anayoiweza. Lakini mkulima anayeamua mwezi wa kumi na moja apande ekari ngapi anatakiwa ajue mwezi wa sita ushuru utakuwaje. Hilo ndo la kumwambia mbunge wenu ashike nalo shilingi kwa Waziri wa Kilimo na wa Fedha, kiwango kitangazwe cha miaka mitatu kisichochezewa. Aombe hiyo, asiombe tu "kipandishwe", kwa sababu kikipandishwa leo kinashushwa kesho.

Tuko vijana saba wa bodaboda, kijiwe chetu kiko Kisasa. Tulisikia bungeni mikopo ya asilimia kumi imerudi. Tukienda tunaambiwa njooni wiki ijayo. Tufanyeje?

Wadogo zangu, imerudi kweli. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudishwa mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri yenyewe, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Kwa kuwa inatoka kwenye mapato ya ndani, kiasi kinategemea jiji limekusanya ngapi robo hiyo, ndo mnaambiwa wiki ijayo. Wakati mwingine ni kweli na wakati mwingine ni mtu hataki kufungua faili.

Fanyeni hivi. Kikundi kisajiliwe kwanza, muwe na katiba yenu hata ya kurasa mbili, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na muhtasari wa kikao mlichokaa wote saba mkakubaliana mkopo ni wa nini. Pikipiki ngapi, bei gani, kila siku mtaweka shilingi ngapi, na nani anashika daftari. Pelekeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kama ni maombi ya kwenye mfumo mwambieni awaonyeshe yamefika hatua gani pale pale kwenye kompyuta yake. Jiji la Dodoma lilikuwa kati ya halmashauri kumi zilizochaguliwa kujaribu kutoa mikopo hii kupitia benki, kwa hiyo ulizeni na benki inayohusika. Halafu muulize diwani wenu maswali mawili tu, robo hii vijana wametengewa ngapi na mpaka leo zimetolewa ngapi, na mkimuuliza muwe mmekaa pamoja wote saba na daftari liko wazi mnaandika anachosema. Mkipata jibu nitumieni picha ya huo ukurasa.